Udi unakata "tak" mwisho wa nota, nikirefusha kufifia muziki unakuwa uji: msaada wa envelopu ya volyumu

Barabara_ya_Tisa (Tanga)

Salaam wakuu.

Naomba kueleweshwa kuhusu envelopu ya volyumu, yaani mchoro unaoamua sauti ya nota ipande na kushuka vipi. Kazi yenyewe ni biti za taarab kwenye FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), za kupigwa kwenye harusi hapa Tanga huku mwimbaji akiimba juu yake. Sampuli za udi na ganuni zimerekodiwa nota moja moja, kila nota ikaachwa ilie mpaka iishe yenyewe, sekunde 3 mpaka 4 hivi. Zimewekwa kwenye sampula (kipiga sampuli) ya kawaida ya FL, faili moja kwa kila chaneli, na nota za juu na za chini zinatokana na faili hiyo hiyo.

Hali iko hivi. Envelopu ikiwa imezimwa, nota inalia mpaka mwisho wa faili hata kama kwenye piano roli (ubao wa kuandikia nota) imeandikwa fupi, kwa hiyo mistari ya haraka inapandana. Envelopu ikiwashwa, nota inafuata urefu ulioandikwa, ila mwishoni kunasikika "tak", na kwenye besi ndiyo mbaya zaidi. Kitufe cha REL (kufifia baada ya nota kuachiwa) kikipandishwa "tak" inaondoka lakini muziki unarudi kuwa uji. DEC na SUS zikishushwa ili nota ififie, udi unakuwa kama umefunikwa kitambaa: unagonga mara moja, halafu kimya. Ogani ina namba zile zile na yenyewe inachelewa kunyamaza.

Je, kuna namba za kuanzia kwa kila chombo? Na hiyo "tak" inatoka wapi hasa, maana faili zenyewe zikisikilizwa peke yake ni safi?

---

BintiRaskazone (Tanga)

Wa alaikum salaam kaka. Maelezo yako yamejitosheleza, na karibu majibu yote yamo humo humo.

Tuanze na vitufe vinne. ATT ni muda wa sauti kupanda kutoka kimya hadi kilele. DEC ni muda wa kushuka kutoka kilele hadi kima cha kutulia. SUS ndicho kima chenyewe, nacho hakipimwi kwa muda, kinapimwa kwa asilimia ya volyumu. REL ni muda wa kufifia tangu nota inapoachiwa. Wengi wanaikosea SUS kwa sababu imekaa katikati ya vitufe vya muda, wakidhani wakiipandisha nota itadumu zaidi. Vladimir Ussachevsky alipompa Robert Moog mahitaji ya kifaa hiki mwaka 1965, sehemu hizo ziliitwa T1, T2, Esus na T3, muda tatu na kima kimoja. Kuziangalia hivyo kunasaidia mpaka leo.

Sasa shida yako ya udi kufunikwa kitambaa. Envelopu haichukui nafasi ya kufifia kwa asili kulikomo ndani ya sampuli. Inazidisha. Waya wa udi ukishadonolewa unaanza kufifia wenyewe, na kufifia huko tayari umekurekodi. Ukiongeza mteremko wa DEC juu yake, kwa hesabu ya desibeli viwili vinajumlishwa: sampuli ikishuka desibeli 15 kwa sekunde na envelopu nayo 15, msikilizaji anasikia 30. Udi haulii hivyo, ndiyo maana masikio yanakataa.

Kwa sampuli ya chombo cha kudonoa iliyorekodiwa mpaka mwisho, fanya hivi. Bofya chaneli, nenda kwenye kichupo cha envelopu, chagua VOL, washa kile kitaa. Usidhani ukiwasha tu umbo linakuwa tambarare. FL inakuja na umbo lake lenye kupanda na kushuka. Weka DEL (kuchelewa kabla ya kuanza) 0, ATT 0, HOLD (kusimama kileleni) 0, kisha SUS ipandishe mpaka juu kabisa. SUS ikiwa 100%, DEC haina pa kushukia, kwa hiyo iache ilivyo. Kilichobaki ni REL tu. Hapo nota ikiwa imeshikwa, unasikia rekodi yako kama ilivyo, na ikiachiwa ndipo envelopu inaingia kazini.

"Tak" inatoka kwenye REL kuwa 0 au karibu na hapo. Ikuze picha ya wimbi mpaka uone mistari ya mawimbi moja moja. Nota inapoachiwa, wimbi linaweza kuwa popote: juu, chini, au katikati likivuka sifuri. Likikatwa likiwa juu, spika inatakiwa kuruka kutoka pale mpaka sifuri kwa ghafla, na mruko huo ndio "tak". Faili zako ni safi kwa sababu mwisho wake umefifia wenyewe. Envelopu inakata katikati ya safari.

Kwenye besi inazidi kwa sababu wimbi lake ni refu. Mi ya chini ya gitaa la besi ni kama hertzi 41, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 24. Ukiweka REL ya milisekunde 5, hujamaliza hata robo ya wimbi, kwa hiyo bado ni mruko. La ya hertzi 440, wimbi lake ni milisekunde 2.3 tu, hapo milisekunde 5 zinatosha. Kanuni ninayoifuata ni mawimbi mawili ya nota ya chini kabisa inayopigwa kwenye chaneli hiyo. Besi basi isishuke chini ya milisekunde 40 au 50.

Namba za kuanzia, halafu masikio yaamue:

Udi: ATT 0, SUS 100%, REL milisekunde 80 mpaka 150. Kidole cha mkono wa kushoto kikiinuka, waya wa udi unazimika karibu mara moja, hakuna sababu ya REL ndefu.

Gitaa la besi: ATT 0, SUS 100%, REL 40 mpaka 60.

Ogani: ATT 5 mpaka 10, SUS 100%, REL 40 mpaka 80. Yako inachelewa kunyamaza kwa sababu umeipa REL ya chombo cha nyuzi. Sauti ya ogani haififii, inasimama palepale mpaka kidole kiondoke, kwa hiyo sekunde nzima ya REL inasikika yote.

Akordiani: ATT 30 mpaka 60 kwa sababu ulimi wa chuma unahitaji hewa kabla ya kulia, SUS 100%, REL 60 mpaka 100.

Fidla: ATT 60 mpaka 120 kwa mistari ya polepole, REL 150 mpaka 250.

Usiguse ATT ya udi na ganuni. Ukiweka hata milisekunde 15, unafuta ule mdonoo wa mwanzo, na mdonoo ndio unaomwambia msikilizaji hiki ni chombo gani. Kama mwanzoni mwa faili kuna "tak" ndogo, hiyo ni sampuli iliyokatwa vibaya. Irekebishe kwenye faili, ikate pale wimbi linapovuka sifuri.

---

FundiMakorora (Tanga)

Dada Raskazone kamaliza upande wa muda. Niongeze umbo la mteremko, maana watu wawili wanaweza kuweka REL ileile ya sekunde 1 na mmoja ikasikika nzuri, mwingine ikasikika kama mtu anashusha kitufe cha volyumu kwa mkono.

Waya unaofifia hupoteza kiasi kilekile cha desibeli kwa kila kipande cha muda. Ukipungua nusu katika robo sekunde ya kwanza, robo inayofuata unapungua nusu ya kilichobaki, na kuendelea. Mstari ulionyooka haufanyi hivyo. Ukishusha volyumu kwa mstari ulionyooka kwa sekunde 1, nusu sekunde ikipita umepoteza desibeli 6 tu, na kwenye robo tatu umepoteza 12. Ukifika sehemu tisa kati ya kumi umepoteza 20, na yote yaliyobaki yanadondoka katika ile sehemu ya kumi ya mwisho. Sikio linasikia sauti inang'ang'ania, halafu inatumbukia. Hapo ndipo uji unapotoka: nota iliyoachiwa bado ina nguvu nyingi wakati nota mpya imeshaanza.

Kwenye FL, chini ya ATT, DEC na REL kuna vitufe vidogo vya mkunjo. Cha REL kizungushe mpaka mstari uwe na tumbo chini, yaani unashuka haraka mwanzo, halafu unatambaa. Utaona unaweza kuacha REL ndefu zaidi bila kuchafua, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti imeshaondoka mapema na kilichobaki ni mvumo mwembamba.

Kwa wanaotumia traka (programu za kupanga nota kwa safu za herufi na namba), OpenMPT kwa mfano, mistari kati ya pointi ni minyoofu, kwa hiyo mkunjo unaujenga mwenyewe. Kima cha juu ni 64. Kwa sampuli fupi yenye lupu (kipande kinachojirudia), ambayo haififii yenyewe, panga pointi kwa kugawa nusu kila mara: 64 kwenye tiki (kipimo cha muda cha traka) 0, 32 kwenye 12, 16 kwenye 24, 8 kwenye 36, 4 kwenye 48, 2 kwenye 60, na 0 kwenye 72. Kila nusu ni desibeli 6, kwa hiyo mteremko unakaribia sana ule wa waya. Pointi 7 tu, na umbizo la faili za traka la XM linaruhusu mpaka 12.

Tiki ni muda gani? Kwenye hali ya tempo ya kawaida ni sekunde 2.5 kugawa kwa BPM. Kwa 125 ni milisekunde 20, kwa hiyo mteremko huo ni sekunde 1.44. Ukishusha tempo hadi 100, tiki inakuwa milisekunde 25 na mteremko uleule unakuwa sekunde 1.8. Ukibadilisha tempo ya wimbo baada ya kupanga envelopu, rudi uzisikilize tena, zitakuwa zimenyooshwa au kubanwa.

Kwa sampuli ndefu kama za Barabara_ya_Tisa, kwenye traka unaweka pointi ya kwanza 64 kwenye tiki 0 na kuifanya iwe pointi ya sasteni, yaani envelopu inasimama hapo mpaka nota iachiwe. Baada yake 32 kwenye tiki 2, 16 kwenye 4, 8 kwenye 6, 0 kwenye 8. Kwa BPM 125 hiyo ni milisekunde 160 za kufifia, tena kwa mkunjo sahihi. Fade out iweke 0, envelopu ifanye kazi peke yake.

Wengi wanachanganya Fade out na envelopu. Fade out ni mteremko mwingine kabisa, mnyoofu, unaoanza nota ikiachiwa, na unazidishwa na envelopu. Kwenye OpenMPT gawa 32768 kwa namba uliyoweka, unapata tiki. 1024 ni tiki 32, yaani milisekunde 640 kwa BPM 125. 512 ni sekunde 1.28. Ukiwa na vyote viwili, kile cha haraka ndicho kinachoshinda, na unaweza kuhangaika kurefusha envelopu bila kusikia tofauti yoyote.

Mengine mawili ya traka, kwa haraka. Kwenye XM, nota isiyo na envelopu ya volyumu ikikutana na == (alama ya kuachia nota) inakatwa papo hapo, Fade out haina nafasi; washa envelopu hata kama ina pointi mbili tu. Na kwenye umbizo la IT, angalia mpangilio wa NNA (New Note Action, yaani nota ya zamani ifanywe nini mpya ikiingia) wa chombo. Ukiwa Note Cut, kila nota mpya kwenye chaneli hiyo inaiua ya zamani kabla haijafifia, hata envelopu yako iwe nzuri namna gani. Kwa ganuni weka Note Off. XM haina NNA, huko inabidi ugawe nota kwenye chaneli mbili au tatu kwa kupokezana.

---

Barabara_ya_Tisa (Tanga)

Ahsanteni sana wakuu. SUS ipo 100%, REL ya udi 120 na mkunjo wa tumbo chini: "tak" imekwisha na mdonoo umerudi. Besi kwenye 50 nayo imetulia. Ogani imenyamaza inavyotakiwa.

Yamebaki mawili. Nota za udi za juu, oktava moja au zaidi juu ya nota iliyorekodiwa, zinalia kama plastiki, fupi fupi. Na pale mpiga udi anaporudia nota ileile haraka haraka, juu-chini juu-chini, bado kuna mrundikano na sauti inazidi kupanda kadiri anavyorudia.

---

Kaole_Sauti (Bagamoyo)

Habari za huko Tanga. La nota za juu halitoki kwenye envelopu, linatoka kwenye sampuli. Sampula ya kawaida inapandisha nota kwa kuicheza faili haraka zaidi. Oktava moja juu ni mwendo mara mbili, kwa hiyo kufifia kwa sekunde 3 kunakuwa sekunde 1.5, na mdonoo wenyewe unabanwa nusu. Oktava mbili juu ni robo. Kiasi fulani ni sahihi, kwa sababu waya mfupi kwa kawaida hufifia upesi kuliko mrefu, lakini si kwa kiwango hicho, na hakuna envelopu itakayorudisha sauti ambayo sampuli haina. Dawa ni kurekodi nota nyingi zaidi. Nota moja kila nusutoni nne inatosha kwa udi. Hapo hakuna nota inayovutwa zaidi ya nusutoni mbili juu au chini. Kila faili ichukue chaneli yake na eneo lake la vitufe, kisha zote ziweke chini ya chaneli ya Layer uzipige kama chombo kimoja.

Ukiwa na sampuli ya lupu, mambo yanageuka. Hapo kufifia kunatoka kwenye envelopu peke yake, na envelopu haibadiliki kwa kuwa nota imepanda. Nota ya juu kabisa itadumu sawa na ya chini kabisa, na sikio litasema kuna kitu hakiko sawa hata kama mtu hawezi kukitaja. Gawa angalau maeneo matatu: la chini DEC ndefu, la kati theluthi mbili yake, la juu theluthi moja. SUS hapo ni 0, kwa sababu chombo cha kudonoa hakina kima cha kutulia. Kikidonolewa kinaelekea kimya.

Kujua DEC iwe ndefu kiasi gani, usikisie. Fungua rekodi ya chombo halisi kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), badilisha mwonekano wa wimbi uwe wa desibeli. Kwenye mwonekano huo, kufifia kwa waya kunaonekana kama mstari unaokaribia kunyooka, ukiteremka. Ruka robo sekunde ya kwanza, maana mdonoo hushuka haraka kuliko mvumo. Soma kima mahali pamoja, soma tena sekunde 1 mbele, toa. Tuseme umepata desibeli 18. Kwa hiyo kushuka desibeli 60, ambazo ni sehemu moja ya elfu ya ukubwa wa wimbi na kwa kazi nyingi ni kimya, kutachukua sekunde 3.3. Hiyo ndiyo DEC yako, ikiwa na mkunjo wa tumbo chini. Rudia kwa nota ya chini na ya juu, utapata namba za maeneo yako.

La kurudia nota haraka. Kwenye udi halisi, waya uleule ukidonolewa tena, mtetemo wa zamani unavurugwa na mdonoo mpya. Sampula haijui hilo. Inaanzisha sauti mpya na kuiacha ya zamani imalizie REL yake juu yake, kwa hiyo kila mdonoo unaongezeka juu ya uliotangulia, ndiyo maana volyumu inapanda. Kwenye mipangilio ya chaneli, tafuta Cut itself (ijikate yenyewe) uiwashe. Nota mpya itaizima ya zamani kwenye chaneli hiyo. Njia nyingine ni kuweka Max ya polifonia (idadi ya nota zinazoweza kulia kwa pamoja) iwe 1. Tatizo la njia zote mbili ni kwamba udi mzima unakuwa na waya mmoja, na kordi hazitapigika. Kwa hiyo nakili chaneli: moja ya mistari ya haraka yenye Cut itself, nyingine ya nota za kushikiliwa na za pamoja bila hiyo. Na zile nota za kurudia zisiwe na nguvu sawa. Mdonoo wa kupanda mara nyingi ni mwepesi kuliko wa kushuka. Ushushe asilimia 10 mpaka 20 kwenye piano roli.

Ganuni ni kinyume kabisa, na hapo ndipo ningependa dada Raskazone aangalie tena, maana kwenye orodha yake haikuwemo. Ganuni haina kizimio cha nyuzi. Nyuzi tatu tatu kwa kila nota, zinaendelea kulia mpaka zife zenyewe au mpigaji aweke kiganja. REL fupi ya udi ukiiweka kwenye ganuni unapata chombo ambacho hakipo duniani. Anzia sekunde 1.5 mpaka 2.5, bila Cut itself.

---

BintiRaskazone (Tanga)

Kweli kaka Kaole, ganuni nimeiacha, na namba zako nakubaliana nazo kwa mistari ya polepole. Ila tuhesabu. Mpigaji anakwenda nota 8 kwa sekunde, REL ni sekunde 2.5: wakati wowote kuna sauti 20 zinazofifia kwa pamoja, kabla hujahesabu zilizoshikwa. Kompyuta yenye nguvu ndogo itaanza kukwama, na hata isipokwama, mizani (ngazi ya nota za wimbo) ikibadilika katikati ya mstari, nota za mizani ya zamani bado zinalia juu ya mpya. Mpigaji halisi hapo anaweka kiganja. Ukitaka kuiga hilo, iongoze REL kwa otomesheni (kitufe kinajisogeza chenyewe wimbo ukienda): ndefu kwenye mistari, halafu ishuke hadi milisekunde 200 kwenye pigo ambalo mizani inabadilika, kisha irudi. Kabla ya kuipanga wimbo mzima, ijaribu kwenye mstari mmoja, usikie kama nota zilizokwisha achiwa zinaufuata mshuko huo au la. Kama hazifuati, nakili chaneli, moja REL ndefu, nyingine fupi, na nota za mwisho kabla ya mabadiliko ziandike kwenye ile fupi.

Na pangeni REL zote rivebu (mwangwi wa kuongezwa) ikiwa imezimwa. Rivebu ni mkia wa pili, nao unarefusha kila kitu ulichokwisha refusha. Ukipanga envelopu huku rivebu inalia, utafupisha REL mpaka chombo kikauke, na siku ukipunguza rivebu utakuta nota zimekatika. Kwa muziki wa ukumbi wa harusi ni muhimu zaidi, kwa sababu kuta na dari zina mwangwi wao wenyewe, na wa masafa ya chini ndio mkaidi kuliko yote. Besi iache kavu kabisa, bila rivebu. Taarab ya Tanga tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star imesimama juu ya gitaa na besi, si juu ya safu kubwa ya fidla. Besi ikivurugika, hakuna cha kuwashika wachezaji.

---

mdundo_wa_pangani

Wakuu, na sisi tunaotumia LMMS (programu nyingine ya kutengeneza muziki)? Nimefungua kichupo cha envelopu, ENV/LFO, nazungusha ATT na REL, hakuna kinachobadilika kabisa.

---

FundiMakorora (Tanga)

Mkuu, angalia kitufe cha AMT upande wa kulia wa vingine. Hicho ndicho kiasi cha envelopu kinachotumika, na kikiwa 0, unaweza kuzungusha vyote sita bila kusikia lolote. Kipandishe hadi 1. Hakikisha pia juu umechagua volyumu, maana katoff na rezonansi (vitufe vya kichujio cha sauti) zina envelopu zake kwenye dirisha hilohilo. Baada ya hapo ni namba zilezile: kwa sampuli ndefu SUST juu kabisa, REL ndiyo unayoicheza. Vitufe vile haviendi kwa hatua sawa, mwanzoni kusogeza kidogo ni milisekunde chache na mwishoni ni nyingi, kwa hiyo tumia masikio zaidi ya mahali kitufe kilipoelekea.

---

Barabara_ya_Tisa (Tanga)

Nimenakili chaneli ya udi kama kaka Kaole alivyoelekeza, mrundikano umeisha. Ganuni REL ipo sekunde 1.8, na kwenye mabadiliko ya mizani ninatumia chaneli ya pili. Ahsanteni sana.

Moja la mwisho. Kwenye FL nota ya mwisho ya ganuni inafifia vizuri, lakini nikitoa faili la WAV inakatika ghafla mwishoni.

---

Kaole_Sauti (Bagamoyo)

Dirisha la kutoa faili lina sehemu ya mkia. Imewekwa Cut remainder, yaani faili linaishia pale pigo la mwisho linapoishia. Weka Leave remainder, FL itasubiri mpaka REL na rivebu vinyamaze ndipo ifunge faili. Wrap remainder usiiguse kwa wimbo mzima, hiyo inarudisha mkia mwanzoni mwa faili na ni ya lupu tu.